Yahusu Maombi Yanayoongeza Pointi

Déo Ntirampeba (Baba Japhet),
Ghorofa ya kumi na moja, chumba cha kulala,
Etobicoke, Toronto.
Jumamosi, mwezi wa tatu, saa nane mchana.

Kwa Mchungaji Darius,
Kanisa letu la Kiswahili, ukumbi wa chini.

Mchungaji wangu, mtu wa Mungu na mwenzangu katika hisa,

YAH: AKINA MAMA KUINGILIA SOKO KWA NJIA YA MAOMBI

Nakusalimu nikiwa mzima wa mwili, ila roho iko juu juu. Nakuandikia nikiwa nimefungiwa chumbani kwangu mwenyewe. Sikufungiwa kwa ufunguo, nimefungiwa kwa heshima. Sebuleni kuna akina mama kumi na wawili, wamejaa kwenye makochi yangu ninayoyalipia bado, televisheni imewashwa kwenye mpira wa kikapu, na mke wangu Médiatrice, mwenyekiti wao wa maombi, amenitazama mara moja tu nikaikumbuka njia ya chumbani.

Mimi ni Mrundi niliyelelewa kambini Kigoma, na mwalimu wetu wa Kiswahili pale, mama mkali kama pilipili, alitufundisha kwamba mtu mwenye lalamiko hapigi kelele njiani. Anaandika barua, anaweka yahusu, halafu anayahesabu malalamiko yake moja moja. Najua mengi ya haya unayajua, lakini lazima nianzie mwanzo, maana huenda siku moja barua hii ikasomwa na askofu.

Mwanzo wake ni Kirimi. Ndugu yetu huyu wa Meru, ambaye kazi yake ni teksi lakini kichwa chake ni benki, ndiye aliyetuonyesha kwenye simu kwamba huko Amerika watu wazima, wenye suti, wananunua na kuuza hisa za mpira wa kikapu wa vijana wa vyuo. Wala si hisa za nani atashinda. Ni jumla tu: pointi za timu zote mbili ukizijumlisha, pamoja na muda wa nyongeza kama upo, zitapita namba fulani au hazitapita? Anayeamini zitapita ananunua Juu. Anayeamini hazitapita ananunua Chini. Bei inapanda na kushuka kama ya nyanya, na bei yenyewe ndiyo utabiri: Chini ikiwa ghali, ujue watu wengi wanaona pointi zitakuwa chache.

Tulipokuja kwako na jambo hili ulisema fedha hapana, na ulisema vizuri. Ndipo Kirimi akasema basi tusiweke fedha, tuweke sufuria. Kila hisa ina sufuria kumi. Bei ya Chini ikiwa saba, ya Juu ni tatu. Nikinunua Chini kwa saba nikakosea, naosha sufuria saba Jumapili baada ya chakula cha ushirika. Nikipatia, aliyeshika Juu ndiye anaosha tatu. Hakuna hata senti inayopita mkono wa mtu. Ubao wa shule ya Jumapili ndio soko, Kirimi ndiye anayefuta na kuandika, na kati ya wiki tunampigia simu. Wewe mwenyewe, Mchungaji, ulisema hii si kamari, ni huduma ya jikoni. Nimeyaandika maneno yako kwenye kalenda.

Mchezo tuliochagua ni wa timu ya mwanangu Japhet, anayesoma katika chuo kidogo kule Ohio, chuo ambacho hata watangazaji wa mpira hukosea jina lake. Namba ya leo ni mia moja thelathini na nane na nusu. Nimewahi kuuliza ni mchezaji gani anayefunga nusu pointi, nikaambiwa nusu imewekwa ili pasiwe na sare. Sawa.

Mimi nina hisa sita za Chini kwa bei ya saba. Hizo ni sufuria arobaini na mbili. Na sufuria zetu unazijua, Mchungaji. Ile ya pilau mtu mzima anaweza kukaa ndani akavukia mto, na ile ya maharage ina ukoko wa tangu Krismasi.

Sasa malalamiko.

1. Wanaomba kwa namba.

Zamani, kanisa likiwa changa, maombi yalikuwa na adabu. Mtu aliombewa afya, makaratasi ya uhamiaji, kazi iliyo karibu na nyumbani, mume apunguze maneno. Kiasi gani, Mungu aliachiwa aamue mwenyewe. Leo, kupitia ukuta huu, nimemsikia Amandine, yule anayehudumia wazee kazini pamoja na mke wangu, akimwomba Mwenyezi mitupo minane ya pointi tatu kabla ya mapumziko. Minane! Hakusema mingi, hakusema ya kutosha. Akataja na kona ya uwanja ambako angependa mitupo itoke. Mama huyu mwaka jana alikuwa hajui kama mchezo una mapumziko. Je, haya ni maombi au ni oda ya mgahawani?

Na yanafanya kazi, ndiyo shida. Wiki tatu zilizopita waliomba mia moja arobaini, zikaja mia moja arobaini na moja. Nilidhani Kirimi atawakemea. Wapi! Siku hizi kabla hajaandika bei anauliza nani ataongoza maombi Jumamosi, na akisikia ni Amandine, Juu inapanda hata kama timu nzima ina mafua.

2. Wanawaombea wapinzani.

Hapa, kwa heshima zote, kosa ni lako. Utakumbuka ile Jumapili ya theluji nyingi mwezi wa pili, ulipohubiri juu ya kuwapenda maadui. Hubiri zuri, nililia hadi nikaazima kitambaa. Jumamosi iliyofuata akina mama wakapiga hesabu: jumla ni ya timu zote mbili, kwa hiyo adui naye akifunga ni faida. Tangu hapo baraka zinamwagwa pande zote za uwanja bila kubagua.

Ningelivumilia hata hilo. Lakini leo timu ya Japhet inacheza na timu ile ile ya mwezi wa kumi na moja, yenye yule kijana mrefu wa ndevu nyekundu aliyemwangukia mwanangu gotini. Na mke wangu, mama mzazi wa goti lile, dakika kumi zilizopita amemwombea kijana huyo vidole laini na macho makali. Nimesikia kwa masikio yangu haya mawili! Mimi sijamsamehe. Mimi huku chumbani namwombea akose, na ikiwezekana ateleze kidogo, asiumie. Sasa kati yangu na wale mama, nani anafuata hubiri lako? Swali hilo limeninyima raha, ndiyo maana nalileta kwako likiwa lalamiko.

3. Wanafunga.

Kila Ijumaa hawali mpaka jua lizame, na soko linajua. Wanaume wa kanisa hili tumegeuka wapelelezi wa majiko yetu wenyewe. Saa sita mchana kama hakuna harufu ya kitunguu, simu zinaanza: kwako je, wamekula? Kwangu hata chai hawajagusa! Na Chini inaporomoka.

Hapa lazima niungame, kwa sababu mficha uchi hazai. Ijumaa ya jana niliamka asubuhi nikakanda unga, nikaweka iliki, nikapika maandazi thelathini. Mimi! Katika miaka ishirini na miwili ya ndoa sikuwahi kupika hata yai bila kuuliza chumvi iko wapi. Nikayapanga kwenye sahani, nikamwekea Mama Japhet mbele ya pua yake. Akayatazama, akanitazama, akanishukuru kwa upole mwingi sana, akayafunga yote kwenye karatasi ya foili akawapelekea wazee wake kazini. Nasikia wameyasifu. Kuna babu mmoja ameomba yaletwe tena Ijumaa ijayo, na mke wangu amemwahidi bila kuniuliza.

4. Hawana cha kupoteza.

Hili, Mchungaji, naomba ulisome ukiwa umekaa.

Kanisa letu lina miaka tisa, na miaka yote tisa sufuria zimeoshwa na akina mama. Sasa mama akinunua Juu kwa tatu na akakosea, ataosha sufuria tatu. Lakini hizo tatu si angeziosha tu? Angeziosha hata kama mpira wa kikapu usingevumbuliwa! Akipatia, mimi naosha saba, yeye anakaa juu na kikombe cha chai akinisikiliza ninavyogonga gonga kule chini. Ni biashara gani hii, ambayo upande mmoja ukishindwa unabaki pale pale ulipokuwa, na ukishinda unakwenda kupumzika? Hata hao Waamerika wenye suti wasingekubali.

Nilipogundua jambo hili nilikwenda moja kwa moja kwa mke wangu, nikamweleza kwa sauti ya mtu aliyeshika mwizi dirishani. Nilieleza vizuri sana, kwa mifano. Akafuta mikono, akaniuliza kama ni leo ndiyo nimeliona hilo. Sikuelewa alichokuwa anauliza. Naliambatanisha swali lake hapa kama ushahidi.

Matokeo yake, wanaume kumi na mmoja tumesimama kwenye sinki Jumapili tano mfululizo. Mimi kule kiwanda cha mikate nanuka sabuni ya limau mpaka Jumatano, na msimamizi wangu ameniuliza kama nimepata kazi ya pili. Nawe, Mchungaji, nisamehe kwa kukutaja, una hisa tatu za Chini kwa bei ya sita, sufuria kumi na nane, wakati Mama Mchungaji ana tano za Juu. Nyumba moja, gari moja kutoka Pickering, kitanda kimoja! Nakuandikia kama kondoo kwa mchungaji wake, lakini pia kama mtu wa sinki la kushoto kwa mtu wa sinki la kulia.

5. Wanatumia habari za ndani.

Kikulacho ki nguoni mwako. Japhet hupiga simu kila Alhamisi, na humpigia mama yake. Mimi napewa simu mwishoni. Namuuliza habari ya goti, ananijibu kwa Kiingereza kwamba liko sawa. Nasema vizuri. Anasema sawa. Namrudishia mama yake simu. Ndiyo mazungumzo yetu tangu mwezi wa kumi na moja, mwaka jana.

Alhamisi hii waliongea dakika arobaini, mlango wa jikoni umefungwa. Mama Japhet akatoka anaimba kwa pua. Sikuuliza. Asubuhi ya Ijumaa, mimi na unga wangu, nampigia Kirimi kuuliza bei, ananiambia Juu imetoka tatu imefika tano, kuna mama kanunua nne kwa mkupuo. Nikasema kuna nini? Kirimi akashangaa. Akaniambia, kumbe mzee hujui, daktari amemruhusu Japhet, na kocha amesema Jumamosi huenda akamwingiza.

Yaani Mchungaji, habari za mwanangu nimezijua kwa kuuliza bei.

Kila mtu alijua. Amandine alijua. Mama Mchungaji, huko Pickering, alijua, ndiyo maana ana tano. Na siyo habari ndogo, maana huu ndio mchezo wa mwisho kabla kocha hajaamua nani ataendelea kulipiwa masomo mwaka ujao na nani atarudishwa nyumbani na begi lake. Asipoingia leo, hana cha kuonyesha. Kijana amekaa benchi miezi minne, goti limefungwa, akishangilia wenzake, na leo ndiyo leo. Sokoni watu wote wanajua leo ndiyo leo, isipokuwa baba yake.

Kwa nini sikuambiwa? Najua kwa nini. Alipoumia nilimwambia aache mpira, arudi, asomee umeme, kwa kuwa mpira hauna pensheni. Nilimwambia akiwa kitandani hospitalini, mguu juu. Nilidhani namfariji. Akasema sawa, Baba, na tangu siku hiyo ni sawa tu.

6. Lalamiko la sita nimelifuta mara mbili.

Naliandika tena haraka kabla sijabadili mawazo. Unaweza kujiuliza, huyu Déo ana wazimu gani kununua Chini kwenye timu ya mtoto wake? Jibu ni hili. Tangu mwezi wa kwanza nimetazama kila mchezo. Kamera ikipita kwenye benchi mimi nasimama, namtafuta kati ya wale waliovaa fulana za kupashia joto, na nikimwona naumia, na nisipomwona naumia zaidi. Nikajiambia, Déo, timu bila Japhet haifungi. Nunua Chini. Asipoingia, angalau utakuwa umepatia kitu. Mtu anayebeba mwavuli si kwamba anapenda mvua.

Sasa wale mama hawana mwavuli. Wameingia sebuleni kwangu na matumaini matupu, wamevua viatu, wanapiga makofi, wanamtaja mwanangu kwa jina, jina nililompa mimi, na kelele zao zinapita ukutani wakati mimi nataka kubaki na woga wangu kwa amani. Hilo ndilo lalamiko. Mengine matano ni ya kulisindikiza.

Kwa hiyo naomba yafuatayo, na naomba uyatangaze kesho kabla ya sadaka:

(a) Maombi yote ya Jumamosi yafanyike bila tarakimu. Anayetaka kuomba aombe "baraka", aishie hapo.

(b) Maombi yafungwe nusu saa kabla ya mpira kurushwa, kama maduka.

(c) Wanaume nasi tupewe kikundi chetu cha maombi ya ulinzi, chenye viti, chai na biskuti sawa na wenzetu, tuombee timu zote mbili zikabane vizuri na zisikimbie kimbie ovyo.

(d) Asiombewe mtu yeyote mwenye ndevu nyekundu, isipokuwa awe mshirika wa kanisa letu.

(e) Mama wa mchezaji akipata habari, baba wa mchezaji aambiwe siku hiyo hiyo, hata kama baba mwenyewe ni mtu wa namna gani.

Ikishindikana yote, kanisa linunue sufuria ndogo.

Namalizia. Zimebaki dakika tano. Nimefungua mlango kidogo nikachungulia: sisi hamsini na saba, wao sitini na mbili, jumla mia moja kumi na tisa. Pointi zinatoka kwa shida, kama dawa ya meno iliyokwisha. Japhet bado yuko benchi, na fulana yake. Kocha hajamtazama hata mara moja. Hisa zangu ziko salama kabisa, na zako, Mchungaji. Nimefurahi. Narudia, nimefurahi sana.

Nisalimie Mama Mchungaji na hisa zake tano. Nisalimie wazee wa kanisa, wanakwaya hata wale wa sauti ya pili, mhudumu wa jengo anayetuvumilia, na Kirimi, mwambie ubao ausafishe vizuri, ile nane yake inafanana na sita. Wasalimie pia wanaume wote wa sinki. Waambie mkombozi wao anaandika.

Ni mimi ninayeonewa ndani ya nyumba yangu, lakini kwa unyenyekevu,

Déo Ntirampeba,
Baba Japhet.

Baada ya kutia sahihi:

Mchungaji, barua hii ipuuze! Au usiipuuze, soma hapa kwanza. Naandika mbio, nisamehe mwandiko.

Nilikuwa nimeshalamba bahasha, sebuleni kukawa kimya. Akina mama kumi na wawili, kimya! Nikadhani mtu amezimia. Nikatoka mbio na bahasha mkononi, na kwenye televisheni nikamwona Japhet anavua fulana ya kupashia joto. Zilibaki dakika nne. Goti lilikuwa limefungwa kitambaa cheusi. Sikurudi chumbani. Hakuna aliyenifukuza. Amandine akasogea, nikakaa sakafuni kati yake na meza ya chai.

Alifunga pointi tatu kwa mkupuo kutoka kona ile ile aliyoitaja Amandine. Akafunga nyingine mbili. Mwishoni kabisa akaruka, akagongwa, filimbi ikalia, na saa ikasimama kwenye sifuri. Sisi sitini na saba, wao sitini na tisa. Mitupo miwili ya adhabu, na Japhet peke yake mstarini, uwanja mzima wanampigia kelele akose.

Wa kwanza ukaingia. Mia moja thelathini na saba.

Mchungaji, pale hesabu niliijua kuliko mtu yeyote sebuleni. Akikosa huu mmoja, mchezo umekwisha, Chini imeshinda, sufuria arobaini na mbili zimefutika. Akiupata ni sare, muda wa nyongeza, na muda wa nyongeza hauishi bila mtu kufunga, kwa hiyo mimi nimekwisha. Kijana akadunda mpira mara tatu, vile vile alivyokuwa akidunda kwenye korido yetu hapa akiwa na miaka minane, jirani akigonga dari kwa ufagio. Na mimi Déo, mwenye hisa sita, nikapiga magoti kwenye zulia langu nikaomba kwa sauti kuliko wale mama wote. Niliomba kwa namba. Niliomba moja! Niliomba kwa Kirundi, kwa Kiswahili, na kwa Kifaransa kidogo ili Mungu asipate kisingizio.

Ukaingia.

Baada ya hapo sikumbuki vizuri. Nakumbuka sisi themanini, wao sabini na sita. Nakumbuka yule mwenye ndevu nyekundu alifunga nami nikasema amina kwa nguvu, mazoea mabaya yanaambukiza. Jirani wa chini aligonga dari, Amandine akamjibu kwa kisigino. Japhet alimaliza na pointi kumi na moja, na kocha alimshika kichwa kwa mikono miwili mbele ya kamera. Mama Japhet alilia, machozi yangu mimi nilisema ni vitunguu, ingawa hakuna kitunguu hata kimoja kilichokatwa.

Halafu simu ikaita. Akapokea mama yake, akasikiliza kidogo tu, akaninyooshea. Alikuwa ameniulizia mimi. Kumbe hisa zangu anazijua tangu Alhamisi, mama yake alimweleza zote. Aliniuliza ni sufuria ngapi. Nikasema arobaini na mbili. Alicheka, Mchungaji, alicheka mpaka nikasikia wenzake wanamuuliza kuna nini. Nami nikamwambia lile nililopaswa kumwambia hospitalini, kwamba nilikuwa naogopa, na kwamba umeme unaweza kusubiri. Kisha kwa Kiswahili, ambacho hajakitumia nami tangu darasa la sita, akasema Pasaka anakuja, tutaosha wote, yeye asugue mimi nisuuze.

Kwa hiyo malalamiko namba moja hadi tano nayaondoa rasmi, ila (e) naomba ibaki. Namba sita limejiondoa lenyewe. Akina mama waendelee kwa tarakimu, kwa kuwa tumeshinda Jumanne kuna mchezo mwingine, na Ijumaa nitafunga pamoja nao nikishamaliza kumpikia yule babu maandazi. Pole kwa sufuria zako kumi na nane, nitakuachia sinki langu la kushoto lenye maji ya moto. Kirimi mwambie asinipunguzie hata moja, na ile kubwa ya pilau aniwekee mpaka Pasaka.